Biashara Yako Ni ya Nani? Somo la AGPO kwa Wafanyabiashara wa Kilifi na Malindi

Ukikaa na wafanyabiashara wa Kibaoni, Mtwapa au Malindi mjini, mazungumzo yakifika kwenye tenda utasikia jibu moja: "Tenda za serikali zina wenyewe." Mazungumzo yanaishia hapo na kila mtu anarudi dukani kwake.

Ni kweli kwamba mambo si rahisi. Lakini kuna sehemu ya tenda hizo ambayo sheria imeitengea watu fulani, na huenda wewe ni mmoja wao. Kama ni kijana, mwanamke au mtu anayeishi na ulemavu, na una biashara iliyosajiliwa, somo hili ni lako. Tutaeleza sheria inasema nini, biashara inahesabiwaje kuwa "ya wanawake" au "ya vijana", karatasi gani zinahitajika, na hesabu gani ufanye kabla ya kukubali kazi. Chukua kalamu, kuna hesabu kidogo.

Wazo lenyewe limetoka wapi?

Kampuni kubwa na serikali hununua vitu kila siku: karatasi, chakula, sabuni, fanicha, ukarabati wa majengo. Mnunuzi akiwaachia walewale aliowazoea, pesa zitazunguka kwa walewale. Nchi nyingi ziliona tatizo hili na kila moja ikatafuta dawa yake.

Marekani, Rais Richard Nixon alianzisha ofisi ya kusaidia biashara za watu wa jamii za wachache mwaka 1969, na mwaka 1972 likaundwa baraza la kitaifa la kuwaunganisha wafanyabiashara hao na kampuni kubwa. Kipimo chao kinajulikana: wahusika wawe na angalau asilimia 51 ya biashara, na wawe ndio wanaoiendesha. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake ya kuwawezesha Waafrika kiuchumi mwaka 2003.

Kwetu Kenya msingi uko kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, na kinaruhusu sheria iwape nafasi ya pekee watu waliowahi kuachwa nyuma. Mwaka 2013 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikazindua mpango wa AGPO ulio chini ya Hazina ya Kitaifa. Kisha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ikaupa mpango huo nguvu zaidi.

Sheria hiyo inasema kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wake, kila mwaka wa fedha, kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu.

Ukisikia "taasisi ya umma" usifikirie ofisi ya gavana peke yake. Hapa kwetu ni serikali ya Kaunti ya Kilifi na idara zake, Chuo Kikuu cha Pwani, kampuni za maji kama MAWASCO ya Malindi na KIMAWASCO ya Kilifi na Mariakani, KEMRI pale Kilifi, pamoja na shule na hospitali za umma. Sheria hiyohiyo pia inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti itengewe wakazi wa kaunti hiyo. Hizi ni hesabu mbili tofauti, usizichanganye. Mwanaume wa miaka 50 mkazi wa Ganze hawezi kuingia kwenye ile 30, lakini kwenye ile 20 anaweza.

Kanuni ya 70 na 100

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hivyo twende polepole.

Ili biashara ihesabiwe kuwa ya vijana, ya wanawake au ya watu wanaoishi na ulemavu, mambo mawili lazima yatimie kwa pamoja:

1. Angalau asilimia 70 ya umiliki iwe ya watu wa kundi hilo.
2. Uongozi wote, yaani asilimia 100, uwe wa watu wa kundi hilo.

Linganisha na ile 51 ya Marekani. Kipimo chetu ni kikali zaidi. Tuchukue mifano.

*Mfano wa kwanza.* Mke na mume wana kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi Malindi, kila mmoja ana nusu ya hisa na wote ni wakurugenzi. Je, ni biashara ya wanawake? Hapana. Mama ana asilimia 50 tu, na uongozi ni wa watu wawili, mmoja mwanaume. Hata wakimwongezea mama hisa zifike 60, bado hawajafika.

*Mfano wa pili.* Watu wanne wana kampuni ya upishi Watamu, kila mmoja ana asilimia 25. Watatu ni wanawake, mmoja mwanaume. Umiliki wa wanawake ni asilimia 75, umepita. Lakini kama yule mwanaume ni mkurugenzi, kampuni inaanguka kwenye sharti la pili. Anaweza kubaki mwanahisa na kupata gawio lake, ila kwenye kiti cha ukurugenzi hatakiwi.

*Mfano wa tatu.* Marafiki watatu wana hisa sawasawa. Wawili wana miaka 28, wa tatu ana miaka 41. Umiliki wa vijana ni kama asilimia 67. Asilimia tatu hivi zimewatoa nje! Wakitaka kuingia, itabidi hisa zigawanywe upya na yule mkubwa aache ukurugenzi. Wasifanye hivyo kwa haraka ya tenda moja tu, maana hisa ukishampa mtu ni zake.

*Mfano wa nne.* Dada mwenye duka la vifaa vya ofisi Mtwapa, amelisajili kwa jina lake peke yake. Huyu hana hesabu ya kufanya. Yeye ni asilimia 100 kote.

Nani ni kijana, nani ni nani?

Katiba inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha miaka 35. Soma tena: *hajafikisha*. Siku ya kuzaliwa ya 35 ikifika, umeshatoka kwenye kundi. Kama una miaka 33 leo na umekuwa ukisema "nitajisajili mwaka ujao", hesabu vizuri.

Dada wa miaka 30 anafaa kwenye makundi mawili, vijana na wanawake. Ushauri wetu ni ajisajili upande wa wanawake. Umri utapita, lakini hapo hataondolewa na kalenda.

Kwa mtu anayeishi na ulemavu, neno lake peke yake halitoshi. Anahitaji usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu, ambao unaanza na tathmini ya daktari katika hospitali inayotambuliwa. Anza na hilo mapema kabla ya karatasi nyingine, kwa sababu huchukua muda.

Na vikundi je? Vinaruhusiwa. Tuseme mama karanga wa Gongoni au Ngomeni, wale wanaonunua samaki kwa wavuvi, wanakaanga na kuuza, wana kikundi kilichosajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikundi hicho kinaweza kuomba cheti cha AGPO. Kanuni ni ileile: wanachama asilimia 70, na viongozi wote wawe wa kundi husika. Kama mwekahazina ni kaka mmoja aliyechaguliwa kwa sababu anajua hesabu, kikundi hakijatimiza sharti.

Karatasi za kuandaa

Kujisajili AGPO ni bure. Tunarudia: ni bure. Mtu akikuambia kuna "pesa ya kusukuma faili", huyo anatafuta chakula chake cha mchana kwako.

Maombi hufanywa mtandaoni. Ukikwama, nenda Huduma Centre uulize. Kabla ya kuanza, kusanya hizi:

- Kitambulisho cha taifa cha kila mwenye biashara.
- Cheti cha usajili wa biashara, kampuni au kikundi.
- Kwa kampuni, CR12 ya karibuni. Hii ndiyo karatasi inayoonyesha wakurugenzi ni nani na nani ana hisa ngapi, na ndiyo inayotumika kupima ile 70 na 100.
- Kwa ubia, mkataba wa ubia unaoonyesha nani ana sehemu gani.
- PIN ya KRA na cheti cha kutii kodi ambacho bado kina uhai.
- Kwa watu wanaoishi na ulemavu, uthibitisho wa usajili kutoka kwa Baraza.
- Kwa kazi za ujenzi, usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Cheti cha AGPO hudumu miaka miwili. Andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona, kwa sababu kumekuwa na watu waliokataliwa tenda nzuri kwa sababu cheti kilikufa wiki moja kabla.

Jambo lingine ni makosa ya majina. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha biashara kina mawili, akaunti ya benki ina jina la utani la mtaani. Linganisha karatasi zote kabla ya kutuma.

Cheti si tenda

Cheti kinakufungulia mlango tu. Ndani bado kuna mashindano, tofauti ni kwamba unashindana na watu wa makundi haya matatu, si na kampuni kubwa ya Mombasa au Nairobi.

Tafuta matangazo kwenye tovuti ya serikali ya tenda, kwenye tovuti za kaunti na taasisi, na kwenye mbao za matangazo. Tenda zilizotengwa huandikwa wazi kuwa ni za vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Usipite mbali na tangazo ukidhani ni mapambo.

Sheria imekupunguzia mzigo mmoja mkubwa. Kwenye tenda za kawaida unaweza kuombwa dhamana ya benki, na dhamana hiyo huwashinda wafanyabiashara wadogo wengi. Kwenye tenda zilizotengwa, unajaza fomu ya tamko na kuitia sahihi badala ya dhamana. Lakini ukishinda kisha ukaikimbia kazi, tamko hilo litakufuata.

Ukikosa, una haki ya kujulishwa na kuelezwa sababu. Ukiona umeonewa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma ndani ya siku 14. Kuna ada ya kulipa, kwa hivyo pima ukubwa wa tenda kwanza. Lakini barua ya kukosa isome hata kama hutarufani. Mara nyingi sababu ni ndogo, ukurasa ambao haukutiwa sahihi au bei iliyojumlishwa vibaya, na mwakani hutarudia.

"Nipe kitambulisho chako tu"

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini.

Bwana mmoja mwenye uwezo anakuja kwa kijana aliyemaliza chuo na hana kazi. Anamwambia: "Tusajili kampuni kwa jina lako. Kazi yote nitafanya mimi, wewe utatia sahihi tu. Kila tenda nitakutoa elfu ishirini." Kwa mtu aliyekaa nyumbani mwaka mzima, elfu ishirini si pesa ya kudharau. Tunaelewa kabisa.

Lakini angalia unachouza. Kampuni ni yako kwenye karatasi, kwa hivyo kodi ya tenda ya milioni mbili iko kwenye PIN yako wewe. Kazi ikifanywa vibaya, jina lililoandikwa ni lako. Mkopo ukichukuliwa kwa jina la kampuni, wakopeshaji watakuja kwenu, si kwake. Na ikibainika mlitoa habari za uongo kuhusu sifa zenu, sheria inaruhusu mfungiwe kushiriki zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu. Ukifungiwa ukiwa na miaka 32, utakapofunguliwa ujana wa kisheria umekwisha.

Kuna hasara nyingine. Ile asilimia 30 ilitengwa ili pesa zifike kwa watu ambao hazikuwa zikiwafikia. Kila tenda inayochukuliwa hivi inarudi kwa walewale, na dada wa Kaloleni aliyejaza fomu zake kwa uaminifu anabaki kusema tenda zina wenyewe. Na ana sababu.

Jiulize maswali matatu. Nani anaamua bei? Nani anatoa pesa kwenye akaunti? Nani anajua bidhaa zinanunuliwa wapi? Kama jibu la yote matatu ni mtu mwingine, biashara hiyo si yako.

Hesabu kabla ya kusema ndiyo

Umeshinda, LPO imetoka, hongera. Usikimbilie kununua bado. Tufanye hesabu.

Tuseme kijana wa Kilifi mjini amepata LPO ya vifaa vya ofisi ya shilingi 240,000. Kununua bidhaa ni 190,000, usafiri ni 8,000. Faida kabla ya kodi ni 42,000. Nzuri, au sivyo?

Hana 190,000, kwa hivyo anakopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, yaani 5,700 kila mwezi.

- Akilipwa baada ya mwezi 1, anabaki na 36,300.
- Akilipwa baada ya miezi 3, anabaki na 24,900.
- Akilipwa baada ya miezi 7, anabaki na 2,100.
- Akilipwa baada ya miezi 8, amepata hasara ya 3,600.

Bei haikubadilika, na kazi aliifanya vizuri. Kilichomla ni muda. Madeni ambayo kaunti hazijawalipa wasambazaji ni habari ya kila mwaka katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, kwa hivyo usipange kana kwamba utalipwa Ijumaa.

Ufanye nini basi? Kwanza, waulize waliowahi kuuzia taasisi hiyo walilipwa baada ya muda gani. Pili, weka bei ukiwa umehesabu kusubiri. Tatu, anza na LPO ndogo ambayo hata ikichelewa duka halifungwi. Nne, kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, uliza mikopo ya LPO katika Hazina ya Vijana, iliyoanzishwa 2006, na Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa 2007. Tano, mkataba usiposema vinginevyo, sheria inataka taasisi ilipe riba kwa malipo yaliyochelewa. Dai kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Pesa za biashara zikae peke yake

Hapa ndipo sisi tunaingia, kwa kuwa kazi yetu ni malipo.

Wengi bado wanapokea pesa za biashara kwenye laini ya kibinafsi. Mauzo ya mahamri, mchango wa harusi na pesa ya shangazi wa Magarini zote ziko pamoja. Siku ya kuonyesha mapato kwa mkopeshaji au kwa kamati ya zabuni, huwezi kutenganisha.

Sajili namba ya till au paybill kwa jina lilelile la biashara lililo kwenye cheti chako, na wateja wote walipe hapo. Ukihitaji pesa ya nyumbani, jilipe kiasi maalum na kiandikwe. Baada ya miezi sita taarifa yako ya miamala itaeleza biashara yako vizuri kuliko wewe mwenyewe. Kwa vikundi, lipeni wanachama kwa simu badala ya pesa mkononi, kila mmoja abaki na ujumbe wake. Ugomvi wa "mimi sikupewa" utapungua.

Kwenye akaunti ya kupokea malipo ya tenda, hakikisha mtia sahihi wa lazima ni mtu wa kundi lenu. Kampuni ya wanawake ambayo pesa hazitoki mpaka kaka atie sahihi inajikana yenyewe. Na jiandikishe eTIMS mapema, kwa sababu wanunuzi rasmi watataka invoisi ya huko.

Na hoteli je?

Hoteli binafsi za Watamu na Malindi hazibanwi na ile asilimia 30. Lakini baadhi ya kampuni za kimataifa hujiwekea malengo ya kununua kwa wanawake, na huangalia cheti cha mashirika kama WEConnect International, lililoanzishwa 2009, ambalo kipimo chake ni asilimia 51. Kwa hivyo ile kampuni ya mfano wa kwanza ambayo mama angepewa asilimia 60 imekosa AGPO, lakini kama mama ndiye anayeiendesha kweli, mlango huu unaweza kumfungukia. Uliza mnunuzi anatumia kipimo gani kabla hujagawanya hisa.

Kazi ya wiki hii

1. Chora jedwali la wenye biashara, hisa zao, umri na vyeo. Je, mmefika 70 na 100?
2. Angalia tarehe ya cheti chako cha kodi.
3. Linganisha jina kwenye till, benki na cheti cha biashara.
4. Tafuta tangazo moja la tenda iliyotengwa na ulisome lote, hata kama hutaomba.
5. Fanya ile hesabu ya miezi minane kwa bidhaa unayouza wewe.

Ukimaliza, mpitishie mwenzako somo hili, hasa yule anayesema tenda zina wenyewe. Mwambie aanze na CR12.